Jagi Lisilo na Hatia

Korongo watatu walikuwa wakitembea juu ya mabati ya chumba cha sayansi, na Konstebo Mwololo aligoma kuvuka kizingiti.

"Ni ndege," Inspekta Mahat akamwambia.

"Ndege gani wana hatua za mwalimu, afande? Sikiliza. Anakwenda ubaoni. Sasa anarudi mezani."

Mahat akasikiliza. Kweli bwana, hatua zilikwenda upande wa ubao, zikatulia, zikarudi upande wa meza. Akatoka nje, akaokota jiwe, akalitupa juu ya paa. Korongo wakaruka kwa uvivu, kila mmoja na upara wake na mfuko wake wa shingoni, wakaenda kutua juu ya bweni kama wazee waliofukuzwa kikaoni. Ndipo Mwololo akaingia, lakini kwa ncha za viatu, kana kwamba mwenye chumba amelala.

Mwenye chumba hakuwa amelala. Mwalimu Nuh Kerrow, aliyefundisha sayansi katika shule hii ya Garissa, alikufa humu ndani siku ya Alhamisi, adhana ya magharibi haijamalizika, koo limeungua mpaka hewa ikakosa njia. Leo ilikuwa Jumatatu, Januari 1965, Ramadhani ikiwa imeshika kasi, na tangu siku ile hapana mwanafunzi aliyekubali kukanyaga pale. Saa tatu asubuhi mabati yalikuwa tayari yanalialia kwa joto. Mahat alikuwa amefunga. Mwololo, Mkamba wa Mwingi, hakuwa amefunga, ila alikuwa na adabu ya kutafunia viazi vyake mgongoni mwa watu.

"Tuna saa ngapi, afande?"

"Sita. Lori linaondoka saa tisa."

Hilo halikuhitaji maelezo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mkoa mzima kwa sababu ya vita vya shifta, waasi waliotaka mkoa ujiunge na Somalia, na kila Jumatatu lori lililofunikwa turubai lilibeba mahabusu kuwapeleka kusikojulikana vizuri. Leo wa kumi na mbili katika orodha alikuwa Alio Billow, mzee mchota maji wa shule, mwenye punda wawili na madebe manane. Superitendenti Gathuku, mkuu wa kituo, alikwisha kuamua: shifta walimpa Alio sumu, Alio akaitia katika maji ya Mwalimu, kwa kuwa Mwalimu alikula mshahara wa serikali. Na Alio alikuwa amekiri. Ungamo lilikuwa mstari mmoja, umepigwa chapa vizuri.

"Akishapanda lile lori, Mahat, utamtafuta kwa barua," Gathuku alimwambia asubuhi ile. "Na barua siku hizi zinachelewa. Niletee kitu ninachoweza kukiona kwa macho. Usiniletee hadithi."

Mahat alikuwa ametumwa kutoka Nairobi na kuwasili jana tu. Alizaliwa Rhamu, ukingoni mwa mto Daua, akasoma hadi kidato cha nne, na somo la kemia alilipita kwa alama ambayo mwenye haya haitaji.

Akaanza na sakafu.

Mwili ulikuwa umeondolewa, na sakafu ilioshwa Ijumaa na mtu mwenye bidii mbaya. Lakini mguuni pa meza palikuwa na doa la upana wa sahani, saruji imeng'atwa, imekuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kikombe cha bati kililala kando. Rangi yake ilikuwa imebanduka mdomoni, na chuma kilichobaki kimeliwa.

"Maji hayali saruji," Mahat akasema.

"Asidi?"

"Asidi. Saruji ina chokaa ndani yake. Asidi ikiigusa, inachemka povu na kuila. Alikunywa, akaangusha kikombe, kilichobaki kikamwagika hapa." Akainuka, magoti yakalia. "Sasa tulisikilize jagi."

Jagi la kioo lilikuwa mezani, limefunikwa sahani ya maua, vile vile kama mke wa Mwalimu alivyokuwa akilifunika kila siku. Lilijaa nusu. Ubavuni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ukianzia chini hadi mahali maji yalipokomea, hapo ukakoma. Mahat akachukua karatasi ya litmasi nyekundu, akaichovya. Ikabaki nyekundu. Akachovya ya buluu. Ikabaki buluu.

"Maana yake?" Mwololo akauliza.

"Asidi ingeigeuza ya buluu kuwa nyekundu, alkali ingeigeuza nyekundu kuwa buluu. Maji tu. Ungeweza kuyanywa."

"Sinywi, afande, hata kwa amri ya maandishi."

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama siku nne. Sakafu ilisema asidi. Jagi, ambalo maji ya kikombe yalitoka humo, lilisema maji. Gathuku alilitatua kwa kulipuuza jagi.

Mahat akapindua pipa la takataka juu ya gazeti. Vipande vya chaki, kokwa za tende, na chini kabisa vipande saba vya litmasi vilivyotumika. Vitano vilikuwa vyekundu. Kimoja kilikuwa buluu iliyokolea. Cha mwisho kilikuwa na rangi ya zambarau, katikati ya nyekundu na buluu. Akavipanga mezani kwa mpangilio huo, akavitazama muda mrefu. Kwenye rafu, chupa ya soda kali, ile inayounguza vidole, ilikuwa na vidonge vitatu tu vilivyoganda chini. Juu yake Mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono wake tarehe ya kuifungua: Jumatatu ya wiki ileile.

"Mtu alikaa hapa," Mahat akasema polepole, "maiti ikiwa miguuni pake. Akatia soda ndani ya jagi, akapima. Bado nyekundu. Akaongeza, akapima. Bado. Mara tano. Mara ya sita akazidisha, ikawa buluu. Akarudisha tone la asidi. Ikawa sawa. Asidi na soda zikikutana hutoa moto, Mwololo. Jagi likapasuka kwa joto."

Mwololo akatazama pale miguuni, akasogea upande wa mlango.

"Huyo si mwenye punda," akasema.

"Huyo si mwenye punda."

Ubao ulikuwa haujafutwa. Hapana aliyethubutu. Mwandiko wa Mwalimu Nuh ulilala kuelekea kulia, kila mkia wa herufi umekatwa ghafla, na pembeni palikuwa na alama ya kiganja chake chenye chaki mahali alipoegemea kuwaza. Vidole vitano, vyeupe, vimefunguka. Mwololo aliepuka kuvitazama kama vile mtu anavyoepuka jicho la mdai wake.

H⁺ + Cl⁻ + Na⁺ + OH⁻ → Na⁺ + Cl⁻ + H₂O

Na⁺ na Cl⁻ zilikuwa zimekatwa kwa mstari, kushoto na kulia pia. Chini yake, ndani ya duara:

H⁺ + OH⁻ → H₂O

Na chini zaidi, kwa Kiingereza, zoezi: Badilisha asidi. Je, mstari wa mwisho utabadilika?

"Superitendenti alisema hayo ni maandishi ya siri ya shifta," Mwololo akanong'ona.

"Shifta wangekuwa wanajua hivi, wangekuwa walimu." Mahat akaiona sura ya konstebo, akamhurumia. "Njoo. Chukulia sokoni kuna ugomvi. Asidi na alkali zikiingia majini zinavunjika vipande. Asidi inaleta wawili, H na Cl. Soda inaleta wawili, Na na OH. H na OH wanakamatana, hawaachani tena, wanakuwa maji. Wale wawili wengine?"

"Wanatazama."

"Wamekunja mikono. Walikuja walivyo, wataondoka walivyo. Mwalimu anawaita watazamaji. Ukiandika taarifa fupi ya ugomvi, huwaandiki. Unawakata, kama hivi. Unabaki na waliopigana."

"Ripoti nzuri," Mwololo akasema. "Fupi."

"Fupi," Mahat akakubali. Akabaki ameishika chaki aliyoiokota bila kujua, ambayo ilikuwa imelainika upande mmoja kwa vidole vya mtu mwingine.

* * *

Arbia, mjane wa Mwalimu, alikuja saa nne kasorobo, amevaa nguo nyeupe za eda, akasimama nje ya mlango kwenye jua. Mahat alimwekea kiti kivulini. Hakukaa. Walizungumza Kisomali.

"Jagi lilikuwa langu," akasema. "Nililijaza mwenyewe alasiri, maji ya mto, nilikwisha kuyachuja. Nilimletea na tende. Siku za Alhamisi hafuturu nyumbani, ana somo."

"Na nani, abaayo, dada yangu?"

"Warfa. Mkalimani wa polisi. Anataka cheti cha sekondari, basi Nuh anamfundisha bure. Huondoka kabla ya magharibi ili akafuturu kwake."

"Na Alhamisi ile?"

"Aliondoka. Nilimwona akipita, ananisalimu vizuri, koti mkononi." Akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Walaal, ndugu yangu, tangu siku ile, adhana ikianza tu, nasikia kikombe kinaanguka. Nipo nyumbani, mbali na hapa. Nasikia kikombe, halafu kimya, halafu kijiko kinakoroga kwenye kioo. Polepole. Nikawaambia wanawake wenzangu, wakaniambia nisome Ayatul Kursi. Naisoma. Kinakoroga."

Mahat hakutazama nyuma, kwenye jagi.

"Siku ya Alhamisi ulisikia hivyo?"

"Nilikuja na sambusa nilizokuwa nimezisahau. Nilifika pale kwenye ua. Nikasikia kinakoroga, nikasema, ah, anakoroga sukari, somo limechelewa, yupo na mgeni. Nikaona haya, nikarudi." Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu. "Nuh hatii sukari katika maji."

Mwanamke huyu alikuwa amesimama hatua thelathini kutoka kwa muuaji, na sambusa mkononi, akarudi nyumbani kwa heshima. Mahat akaandika saa, akauliza la mwisho.

"Alikuwa na ugomvi na Warfa?"

"Ugomvi hapana. Wiki iliyopita walimwita Nuh kituoni kumtambua mwanafunzi mmoja. Akakaa pembeni, akamsikia Warfa akitafsiri. Alirudi nyumbani, hakula daku. Akaniambia: Arbia, yule mtu anawapeleka watu kwenye lori kwa mdomo wake. Akasema Ijumaa baada ya sala atakwenda kumwambia DC mwenyewe. Lakini kwanza atamwambia Warfa, kwa sababu ni mwanafunzi wake na lazima apewe nafasi ya kutubu."

Ijumaa hakuiona.

* * *

Alio Billow alikuwa kwenye selo, amekaa juu ya makubadhi yake, anamwomba askari wa zamu kwa Kiswahili chake.

"Bolisi, bunda yangu nani anabea maji? Iko mbili. Moja mgonjwa mguu. Mimi iko hapa, bunda nayo iko wapi?"

"Nimewanywesha mtoni leo asubuhi, mzee," Mwololo akajibu. "Yule mgonjwa amenipiga teke."

"Hiyo ndio dawa yake," Alio akasema kwa kuridhika.

Mahat akachuchumaa mbele yake, akageukia Kisomali, akimwita ami. "Adeer, Ijumaa ulipohojiwa, uliwaambia nini?"

Alio akamweleza. Lo! Mzee alisimulia tangu alfajiri ya Alhamisi, punda alivyokataa kushuka ukingoni kwa kumwogopa mamba, kina cha maji, madebe aliyomwaga na aliyojaza tena, nani alimsalimu njiani, alivyofuturu, alivyosali, alivyorudi kuchukua madebe yake akamkuta Mwalimu chini, alivyopiga kelele. Alimaliza ikiwa robo saa imepita.

"Hayo yote uliyasema?"

"Yote. Na la mguu wa punda."

"Warfa akamwambia mkubwa nini?"

"Maneno machache. Nikafikiri, mashallah, Kiswahili ni lugha yenye haraka."

Mahat akaangalia karatasi ya ungamo mkononi. Mstari mmoja. Nilitumwa na shifta nikatia sumu. Halafu kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei, "Adeer, wenzako hapa selo, hawa kumi na mmoja. Nani aliwatafsiria?"

Kutoka gizani mwa selo, wanaume ambao Mahat hakuwa amewaona vizuri waliinua vichwa, mmoja baada ya mwingine. Hilo lilikuwa jibu.

* * *

Warfa alikuja saa saba na nusu, pamoja na Superitendenti Gathuku, aliyekuwa akiitazama saa yake mara kwa mara kama mtu aliyeweka chungu jikoni. Warfa alikuwa kijana nadhifu, koti la khaki la ofisi juu ya shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Ina adeer," akamwambia Mahat kwa uchangamfu, kana kwamba ni binamu yake, "Ramadhani karim. Wataka nikutafsirie nini?"

"Ubao."

Warfa akacheka. Lakini alikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri hawezi kuachiwa ubao akakaa kimya. Akamwelekea Gathuku, akaeleza kwa Kiswahili safi: asidi hivi, soda hivi, hizi zinafutika, yanabaki maji.

"Zinafutika, zinakwenda wapi?" Mahat akauliza.

"Zinakatwa. Hazihesabiwi."

"Lakini zinakwenda wapi?"

"Hazipo, ina adeer. Mstari wa mwisho ndio ukweli wenyewe. Neno halisi ndilo hilo, Mwalimu alituambia. Maji tu."

"Asidi yoyote?"

"Asidi kali yoyote, soda kali yoyote. Mstari wa mwisho ni uleule." Akaonyesha zoezi kwa kidole. "Jibu lake ni hapana. Haubadiliki."

"Jibu sahihi," Mahat akasema. "Mwalimu angekupa alama zote."

Juu ya bati, korongo walikuwa wamerudi. Walikwenda ubaoni, wakarudi mezani. Warfa alitazama juu, kalamu zake zikagongana mfukoni.

Mahat alikuwa amepanga vioo vitatu vya majaribio mezani. "Afande, ulitaka kitu cha kuona kwa macho. Kioo cha kwanza ni maji ya mto, kutoka debe la Alio lililokutwa hapa Alhamisi. Cha pili nimechanganya mwenyewe asidi ya shule na soda, nikapima mpaka ikawa sawa. Asidi ya shule ni moja tu, hidrokloriki, ndiyo hiyo ya ubaoni. Cha tatu ni maji ya jagi. Yote matatu litmasi inasema maji tu. Konstebo, thibitisha."

"Maji tu, afande," Mwololo akasema, mikono nyuma.

"Warfa ni mkweli kwa hilo. Mstari wa mwisho ni uleule kwa kila asidi. Ndiyo maana hauwezi kukwambia asidi ipi ilikuwa humu. Anayeweza kukwambia ni mtazamaji. Amekatwa kwenye karatasi, lakini hakutoka majini. Yumo, ameyeyuka, haonekani." Akainua chupa ndogo. "Hii ni kloridi ya bariamu. Kwanza natia tone la asidi ya shule katika kila kioo, maana kuna vitu vingine vingeweza kutudanganya. Sasa."

Tone katika kioo cha kwanza. Mangavu.

Tone katika cha pili. Mangavu.

Tone katika cha tatu, na palepale wingu jeupe likazaliwa katikati ya kioo, zito kama maziwa, likashuka taratibu. Liliendelea kushuka, jeupe kama ile alama ya kiganja ubaoni, mpaka likatulia chini.

"Nini hicho?" Gathuku akauliza kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

"Salfeti. Mtazamaji wa asidi ya salfuriki. Shule hii haina asidi hiyo. Maji ya Alio hayana. Garissa nzima utaikuta mahali pamoja tu penye galoni nzima: chumba chetu cha redio, ya kujazia betri. Nimekwenda saa tano. Galoni imepungua. Funguo ni mbili. Ya fundi wa redio, ambaye yuko likizo Nyeri tangu Jumamosi iliyotangulia kifo. Na ya mtu anayeingia kila jioni kusikiliza matangazo ya Mogadishu ili akutafsirie."

Gathuku akageuka polepole.

"Watu wengi huingia chumba kile," Warfa akasema. Bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeachwa peke yake usoni. "Na mimi niliondoka kabla ya magharibi. Mke wake aliniona."

"Alikuona ukiondoka. Saa ya magharibi mwezi huu hakuna anayemwona mtu, kila mtu ameinamia tende yake. Ulitia asidi Mwalimu alipokwenda kusali alasiri. Ulijua mtu aliyekaa na kiu siku nzima katika joto hili haonji maji, anayagugumia. Ukarudi adhana ikiendelea, ukaisafisha asidi kama alivyokufundisha. Kwa litmasi, hatua kwa hatua. Arbia alikusikia ukikoroga. Naomba mkono wako wa kulia."

"Wa nini?"

"Wa koti."

Pindo la mkono wa koti lilikuwa na vitundu vidogo vingi, kama vilivyotobolewa na sindano. "Sigara," Warfa akasema haraka. Mahat alilowesha pindo kwa tone la maji safi, akabandika litmasi ya buluu juu yake.

"Asidi ya shule ingekwisha kupaa. Hii ya betri haipai. Inakaa katika pamba, siku baada ya siku, inakula."

Karatasi ikaanza kubadilika ukingoni, kisha katikati. Ikawa nyekundu.

"Jasho!" Warfa akapaza sauti. "Hilo ni jasho!"

Mahat akaushika mkono wa Mwololo, ambaye shati lake lilikuwa limelowa tangu asubuhi kwa joto na kwa sababu nyingine, akabandika karatasi ya pili. Wakangoja. Ilibaki buluu.

"Ninatoa jasho la hofu, afande, liandikwe hivyo," Mwololo akasema, akafungua pingu.

Warfa hakupigana. Alipokuwa anafungwa alimtazama Mahat, akasema Kisomali, kwa sauti ya mtu anayelalamikia alama za mtihani, "Aliniambia wanaotubu wanasamehewa. Aliniambia nikawaambie wote mbele ya DC. Wote! Ungejua ni wangapi, ungenielewa."

"Anasema nini?" Gathuku akauliza.

Mahat akamtafsiria. Neno kwa neno.

* * *

Lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mahat alivuka uwanja mbio, karatasi ya Gathuku mkononi, wino haujakauka, saa tisa kasoro dakika tano. Turubai likafunuliwa. Ndani palikuwa na harufu ya ngozi na dizeli, na nyuso kumi na mbili.

"Alio Billow. Shuka, adeer. Umeachiliwa."

Mzee hakusogea. "Na hawa?"

Mahat akageuka. Gathuku alikuwa amefika nyuma yake, anahema, kofia mkononi.

"Afande, wote kumi na mmoja alitafsiri yeye. Umemsikia."

"Nimemsikia." Superitendenti hakumtazama usoni. "Amri zao zimesainiwa Nairobi, Mahat, si hapa. Sina uwezo wa kulisimamisha lori hili. Huyo wako amri yake ilikuwa bado mezani kwangu, nimekupa. Hao wengine andika ripoti."

"Ripoti itachukua muda gani?"

Gathuku akavaa kofia yake.

Ilibidi Mwololo na dereva wamshushe Alio kwa kumshika makwapa. Miguu ilipogusa mchanga, mtu mmoja ndani ya lori alisema jina lake. Jina lake, la baba yake, la babu yake, na kisima anachonyweshea ngamia wake, huko Balambala. Hakumwambia Mahat. Alimwambia Alio, mtu ambaye angeweza kukumbuka kila debe la siku ile. Wa pili akasema lake, na la mke wake aliye Hulugho. Wa tatu. Wa nne alikuwa analia na ilibidi arudie. Injini ilinguruma na walipaza sauti, kila mmoja akingoja mwenzake amalize, kwa utaratibu wa watu waliopanga foleni kisimani. Lori lilipoanza kutembea alikuwa amebaki mmoja, na huyo alilisema jina lake akiwa ameng'ang'ania ubao wa nyuma, mpaka vumbi likamfunika yeye na turubai na barabara.

Alio alikaa chini palepale uwanjani, jua kali, miguu imenyooshwa mbele. Akafumba macho. Akaanza na yule wa kwanza, jina, baba, babu, kisima.

Mahat akaketi mchangani kando yake, akafungua daftari juu ya goti.

"Polepole, adeer," akasema. "Naandika yote."